Marie Curie na Majina Aliyoyatoa

Marie Curie nilimfahamu katika darasa la fizikia, hapa Goma, nikiwa mwaka wa tano wa sekondari. Mwalimu alituletea vizibo 64 vya chupa za soda. Tulivitikisa ndani ya sufuria, tukavimwaga mezani, na kila kilicholala kifudifudi tukakiweka pembeni. Vilibaki 33, kisha 15, kisha 8. Somo lilikuwa kwa Kifaransa, lakini hapo mwalimu akahamia Kiswahili: hakuna ajuaye ni kizibo gani kitatoka, ila tunajua kwamba karibu nusu vitatoka. Ndivyo atomu za radiumu zinavyovunjika. Nusu yake huisha kwa miaka ipatayo 1,600.

Aliyeivumbua radiumu alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, jina lake Maria Skłodowska. Nchi yake, Poland, haikuwa kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimegawana ardhi yake. Shuleni kwao Kirusi kilitawala. Watoto walijifunza historia yao kwa Kipolandi kwa siri. Mkaguzi akija, vitabu vinafichwa, na Maria ndiye anayesimamishwa kujibu kwa Kirusi.

Chuo kikuu cha huko hakikupokea wanawake. Alifundisha watoto wa matajiri kwa miaka kadhaa ili dada yake asomee udaktari Paris, na mwaka 1891 zamu yake ikafika. Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie. Akipima miali ya urani, aliona kuwa jiwe la madini lina nguvu kuliko urani yenyewe, akakisia kwamba ndani yake mna kitu kisichojulikana. Julai 1898 yeye na mumewe walitangaza elementi mpya, wakaiita poloni: jina la nchi iliyofutwa likaingia katika vitabu vya sayansi. Mwaka huohuo wakaja na radiumu, jina litokalo kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mwali. Tabia hiyo ya kutoa miali wakaiita kwa neno la asili hiyohiyo. Kiswahili huiita unururifu, kutokana na nuru.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 pamoja na Pierre na Becquerel. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Marie akachukua nafasi yake Sorbonne, mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Mwaka 1911 akapata Nobel ya pili, ya kemia. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu. Madaftari yake bado yanatoa miali.

Mwalimu hakutuambia kwamba hadithi hii inapita kwetu. Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga. Kuanzia mwaka 1922 mawe hayo yalitolewa radiumu huko Olen, Ubelgiji, na hospitali za Ulaya zikaitumia kutibu saratani. Baadaye urani ya Shinkolobwe iliingia katika bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945. Poland ilirudi kwenye ramani mwaka 1918, na poloni bado inaitwa poloni. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawana elementi, na majina yao hayamo katika kitabu chochote tulichosomea.

Sasa ninakusanya istilahi za fizikia kwa kazi yangu ya kumaliza masomo, na unururifu unanisumbua. Mtoto wa Goma akisikia mazuku, anajua kuna hewa isiyoonekana bondeni, inaua, asishuke. Akisikia nuru, anasogea. Marie naye alisogea: usiku alipenda kuitazama radiumu iking'aa maabarani. Neno nitaliacha lilivyo, kwa sababu limeshazoeleka. Ila katika mfano wa matumizi nitaandika Shinkolobwe.