Jeanne Jugan, Mtunza Wazee

Jeanne Jugan alizaliwa Cancale, nchi ya Ufaransa, mwaka 1792. Baba yake, mvuvi, alipotelea baharini Jeanne angali mdogo.

Mwaka 1839 alimpokea nyumbani mjane mzee, kipofu. Akampa kitanda chake, naye akalala darini. Wazee wakazidi kuja. Jeanne akatwaa kikapu, akapita mlango kwa mlango akiwaombea chakula. Ndivyo lilivyoanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini.

Baadaye padre mmoja akamwondolea ukuu, akajiita mwanzilishi. Jeanne akanyamaza, akaendelea kuwaombea wazee wake.

Alipokufa mwaka 1879, masista wengi hawakujua kwamba shirika lilikuwa lake. Mwaka 2009 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Na hata Nairobi masista hao wanatunza wazee. Wema haupotei.