Vasco da Gama, kiseyeye na machungwa ya Malindi

Kila aliyesoma shule hapa Pwani anamjua Vasco da Gama. Tulifundishwa kuwa ndiye Mreno aliyefika India kwa njia ya bahari, na nguzo yake iko Malindi hadi leo, si mbali sana nasi wa Idsowe na Garsen. Tusilofundishwa sana ni kwamba safari yake nusura imalizwe na ugonjwa wa fizi.

Alizaliwa Sines, mji mdogo wa bandari nchini Ureno, katika miaka ya 1460. Tarehe 8 Julai 1497 aling'oa nanga Lisbon na merikebu 4. Chakula chao kilikuwa biskuti kavu na nyama ya chumvi. Matunda na mboga havikudumu baharini. Januari 1498, wakiwa Quelimane, Msumbiji, mabaharia walianza kuvimba mikono na miguu, na fizi zikafura mpaka zikafunika meno. Mtu ana njaa, chakula kiko mbele yake, lakini hawezi kutafuna. Maradhi hayo ndiyo kiseyeye.

Aprili walifika Mombasa, wakapata machungwa na malimau, na wagonjwa wakapona. Wao walidhani ni hewa nzuri ya mji! Mombasa hawakuelewana na wenyeji, wakaenda Malindi. Sultani aliwapokea kwa wema, akawapa rubani, na kwa siku 23 wakaiona India.

Kurudi kulikuwa balaa. Da Gama aliondoka Oktoba bila kungoja kaskazi ikolee, jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi angemwonya. Wakakaa baharini karibu miezi 3. Kiseyeye kikarudi, watu 30 wakafa, na kila merikebu ikabaki na watu 7 au 8 tu wenye nguvu za kufanya kazi. Januari 1499 walipotia nanga Malindi, jambo la kwanza walilotaka ni machungwa. Sultani akawapelekea. Baadhi walipona, wengine walikuwa wamechelewa. Mabaharia hawakutosha tena, kwa hiyo merikebu ya São Rafael ikachomwa moto kusini mwa Malindi. Ndugu yake Paulo naye aliugua, akafia njiani kabla ya kufika kwao.

Waswahili waliwaokoa kwa matunda yao. Lakini 1502 da Gama alirudi na mizinga, akailazimisha Kilwa kulipa kodi, na huko baharini akachoma jahazi la mahujaji waliotoka Makka, wanawake na watoto wakiwemo. Alifariki Cochin, India, tarehe 24 Desemba 1524.

Dawa ya kiseyeye ilithibitishwa 1747, pale daktari James Lind wa Uingereza alipowapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau. Leo tunajua kisa ni ukosefu wa vitamini C, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Tusidhani ni hadithi ya kale. Mwaka 2017 na 2018 kiseyeye kiliwapata vijana katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa hapa Kenya.

Jambo hili linatuhusu. Tana ikifurika, mashamba yakazama na watu wakahamia kambini, msaada unaokuja aghalabu ni unga, maharagwe na mafuta. Wanaogawa chakula wakumbuke ndimu, maembe, mapera na mboga za majani.

Hata hivyo, fizi nyingi zinazotoka damu leo si za kiseyeye. Ni ukoga ulioachwa kwenye meno mpaka ukawa mgumu, na tumbaku na kisukari huzidisha. Watu huona ni jambo dogo. Lakini mwenye fizi mbovu hujificha kinywa anapocheka, huwakwepa wenziwe kwa harufu, huacha nyama na muhogo kwa maumivu, na mwisho meno hulegea na kung'oka yakiwa mazima. Mzee asiyeweza kutafuna hudhoofika, na nyumbani wakasema ni uzee tu.

Dini yetu imesisitiza mswaki, na mti wake hauna gharama kubwa. Tuutumie asubuhi na kabla ya kulala, na watoto watuone tukifanya hivyo. Fizi zikitoka damu kwa wiki 2 na zaidi, nenda hospitali ukaonane na daktari wa meno. Usingoje jino lianze kucheza.