John Garand: Fundi aliyerudia kazi yake kipande kilipolegea

UNAUNDA kitu kwa miaka 17. Serikali inakikubali, kiwanda kinaanza kukitoa kwa wingi, halafu wanaokitumia wanakuja kulalamika ati kuna kipande kinalegea. Utafanya nini? Wengi wetu tungewaka na kusema hawajui kukitumia.

John Garand, fundi aliyebuni bunduki ya M1 ya jeshi la Marekani, hakufanya hivyo. Alifungua kazi yake mwenyewe upya, akatafuta kosa liko wapi.

Jamaa huyu alizaliwa Januari 1, 1888, katika kijiji cha Saint-Rémi, jimbo la Quebec, Canada. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jean, na nyumbani kwao walizungumza Kifaransa. Walikuwa watoto 12. Mama yao alipofariki, baba aliwahamishia Connecticut, Marekani, kutafuta riziki.

Shule haikumkalia sana. Akiwa bado mvulana mdogo aliingia kiwanda cha nguo, kazi yake kufagia sakafu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mashine. Alipomaliza kufagia aliwafuata mafundi, akaangalia jinsi wanavyotengeneza kilichoharibika, hadi naye akawa fundi mitambo. Kiingereza alijifunzia hukohuko kazini.

Baadaye alifanya kazi katika karakana za vyuma, na kulenga shabaha ikawa burudani yake. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomfikisha Springfield, Massachusetts, mwaka wa 1919, kwenye kiwanda cha silaha cha serikali. Mwaka uliofuata alipata uraia wa Marekani.

Wakati huo askari wa Marekani alitumia bunduki ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya kufyatua. Jeshi lilitaka bunduki inayojipakia yenyewe: unafyatua, ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia, nawe hujaondoa jicho kwenye shabaha. Kusema ni rahisi. Bunduki hiyo ilitakiwa iwe nyepesi ya kubebwa na askari wa miguu, istahimili matope, na isikwame.

Garand alitengeneza moja, ikapimwa, akaambiwa abadilishe. Akatengeneza nyingine. Wakati mmoja kazi ilikuwa imefika mbali kwa risasi ndogo, lakini mwaka wa 1932 mkuu wa majeshi, Jenerali Douglas MacArthur, akaamua risasi ya zamani iliyo kubwa zaidi ndiyo iendelee kutumika. Hatimaye, Januari 1936, M1 ilipitishwa rasmi. Ilibeba risasi 8.

Shida zikaanza ilipofika mikononi mwa askari.

Bunduki hiyo huendeshwa na gesi ya baruti. Katika muundo wa kwanza, gesi ilinaswa baada ya risasi kutoka kwenye mtutu. Mbele ya mtutu kulifungwa kipande kingine kama kofia, chenye tundu la kupitisha risasi. Gesi ikikamatwa humo ilisukuma chuma kirefu kurudi nyuma, nacho kikafungua komeo.

Sasa fikiria kipande kilichofungwa kwa skrubu, kinapigwa na moto na mtikisiko kila unapofyatua. Fundi yeyote wa jua kali atakwambia kitakachotokea: kitalegea. Kikilegea, tundu lake haliko tena sawasawa na mtutu, na risasi inaweza kukigusa ikipita. Tena kioleshi cha mbele cha kulengea shabaha kilikaa juu ya sehemu hiyo hiyo, kwa hivyo ikicheza, shabaha nayo inapotea. Masizi pia yalijaa ndani, na kuyasafisha ilikuwa kazi ngumu.

Njia rahisi ingekuwa kuwaambia askari wakaze skrubu kila siku. Garand aliona kwamba kukaza hakuondoi chanzo. Akakitupa kile kipande cha mbele kabisa. Mtutu ukarefushwa, likatobolewa tundu dogo upande wa chini karibu na mdomo wake, gesi ikapitia hapo. Muundo huo mpya uliingia kiwandani mwaka wa 1940.

Kulikuwa na kisa kingine: risasi ya saba ilikuwa ikikwama. Si ya tatu wala ya tano, ni ya saba. Ajabu ni kwamba bunduki za majaribio hazikuwa na tatizo hilo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mashine ya kiwandani ilikuwa ikikata kipande kidogo cha ukingo wa ndani unaoongoza risasi. Mchoro ulikuwa sahihi, kosa likawa kwenye utengenezaji. Ukingo ukarudishwa, tatizo likaisha.

Marekani ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia Desemba 1941, kasoro hizo zilikuwa zimeshaondolewa. Bunduki zaidi ya milioni 4 zilitengenezwa kabla ya vita kuisha. Hebu waza kama kile kipande kingeachwa kikilegea mikononi mwa vijana waliokuwa vitani.

Bila shaka, silaha ni silaha. Kilichomrudisha askari mmoja kwao kilimuua kijana wa upande wa pili, na hilo halifutiki kwa ufundi wowote.

Je, Garand alitajirika? Hapana. Haki zote za ubunifu wake aliipa serikali, akaendelea kupokea mshahara tu. Mswada wa kumzawadi dola 100,000 ulifikishwa Bungeni, lakini haukupita. Alichopata ni nishani, ikiwemo ile ya mwaka wa 1944. Alistaafu mwaka wa 1953, akabaki kuishi Springfield hadi alipofariki Februari 16, 1974, akiwa na umri wa miaka 86.

Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa 1968 na leo ni makavazi. Kama unaunda kitu, iwe programu ya simu au meza ya mbao, kumbuka kijana huyu aliyeanza na ufagio. Kazi ikirudishwa, usikaze skrubu tu mteja aondoke. Uliza kwanza kwa nini imelegea.