Robert Hampton Gray

Robert Hampton Gray (Trail, British Columbia, 2 Novemba 1917 – Onagawa, Japani, 9 Agosti 1945) alikuwa rubani wa jeshi la majini kutoka Kanada aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliuawa siku sita kabla ya Japani kutangaza kwamba inasalimu amri, alipokuwa akiongoza ndege za kivita kushambulia manowari katika ghuba ya Onagawa.

Baada ya kifo chake alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika Uingereza na nchi zilizokuwa chini ya taji lake. Ndiye askari pekee wa jeshi la majini la Kanada aliyeipata nishani hiyo katika vita hiyo. Anakumbukwa pia kwa sababu Wajapani walikubali ajengewe mnara kando ya ghuba alimofia, jambo ambalo ni nadra sana kwa askari wa nchi iliyopigana na Japani.

Maisha ya awali

Gray alizaliwa katika mji wa Trail, kusini mwa jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Baba yake, John Balfour Gray, alikuwa sonara, na aliwahi kupigana katika Vita ya Makaburu huko Afrika Kusini. Mama yake aliitwa Wilhelmina. Familia ilihamia mji wa jirani wa Nelson, na huko ndiko Robert alikokulia pamoja na dada yake Phyllis na mdogo wake John, aliyeitwa Jack. Jamaa na marafiki walimwita Robert kwa jina la Hammy.

Baada ya shule alisoma katika Chuo Kikuu cha Alberta, kisha katika Chuo Kikuu cha British Columbia. Kanada iliingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi Septemba 1939, Gray akiwa bado kijana wa miaka 21.

Kujiunga na jeshi la majini

Mwezi Julai 1940 alijiandikisha mjini Calgary katika kikosi cha akiba cha wanamaji wa kujitolea wa Kanada, akapelekwa Uingereza kwa mafunzo. Wakati huo jeshi la majini la Kanada halikuwa na tawi lake la ndege. Wakanada waliotaka kurusha ndege kutoka melini walitumika katika kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza. Gray alichagua njia hiyo. Alirudishwa Kanada, akajifunza urubani karibu na Kingston katika jimbo la Ontario, na mwaka 1941 akafuzu kuwa rubani.

Mdogo wake Jack alijiunga na jeshi la anga la Kanada. Aliuawa mwaka 1942 akihudumu katika ndege za mabomu nchini Uingereza.

Huduma katika Afrika Mashariki

Mwezi Aprili 1942 manowari za Japani za kubeba ndege ziliingia Bahari ya Hindi na kushambulia kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Uingereza ilipoteza meli kadhaa, ikiwemo HMS Hermes, manowari ya kubeba ndege. Baada ya pigo hilo sehemu kubwa ya meli zake za kivita katika bahari hiyo zilirudi nyuma hadi bandari ya Kilindini, Mombasa, na pwani ya Afrika Mashariki ikawa kituo muhimu cha ulinzi.

Ndege za meli hizo zilihitaji viwanja vya nchi kavu vya kutua, kufanyiwa matengenezo na kufundishia marubani. Kwa desturi ya jeshi la majini la Uingereza, kituo cha nchi kavu hupewa jina kana kwamba ni meli. Vituo vya ndege vya eneo hili vilipewa majina ya Kiswahili: kile cha Mombasa kiliitwa HMS Kipanga, cha Nairobi HMS Korongo na cha Tanga HMS Kilele.

Gray alihudumu katika eneo hilo kwa takriban miaka miwili, akiwa katika vikosi namba 795, 803 na 877. Kikosi namba 877 kiliundwa Tanga mwezi Aprili 1943 kwa ajili ya kuilinda pwani. Katika vikosi hivyo vya nchi kavu Gray alirusha ndege aina ya Hurricane. Hata hivyo, manowari za Japani za kubeba ndege hazikufika Afrika Mashariki, na kwa hiyo Gray hakupata mapigano makubwa wakati huo.

Ndege ya Corsair na mashambulizi ya Norwei

Mwaka 1944 alijifunza kurusha Corsair, ndege ya kivita iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Vought. Ilikuwa na injini yenye nguvu za farasi zipatazo 2,000 na rafadha yenye kipenyo cha takriban mita 4. Ili rafadha hiyo isiguse chini bila kulazimu miguu ya ndege kuwa mirefu mno, mabawa yalipindwa kuelekea chini karibu na kiwiliwili kisha yakainuka tena. Corsair ilikuwa na kasi na iliweza kubeba mabomu, lakini pua yake ndefu ilimzuia rubani kuona mbele alipotua. Marubani wa Uingereza walizoea kuikaribia meli kwa kona, ili waione sitaha hadi dakika ya mwisho. Ncha za mabawa ya ndege zao zilipunguzwa takriban sentimita 20 kila upande, kwa sababu dari za maghala ya ndege katika manowari zao zilikuwa za chini.

Mwezi Agosti 1944 Gray alipangiwa kikosi namba 1841 katika HMS Formidable, manowari ya kubeba ndege. Mwezi huohuo meli hiyo ilishiriki mashambulizi dhidi ya Tirpitz, manowari kubwa ya Ujerumani iliyokuwa imefichwa katika hori la Kåfjord, kaskazini mwa Norwei. Moshi uliotandazwa na Wajerumani pamoja na mizinga yao viliwakwamisha washambuliaji, na Tirpitz haikuzama. Ilizamishwa baadaye, mwezi Novemba, na ndege za mabomu za jeshi la anga la Uingereza.

Kazi ya Corsair ilikuwa kushambulia mizinga ya kutungulia ndege ili kuzifungulia njia ndege za mabomu. Katika shambulio mojawapo usukani wa ndege ya Gray uliharibiwa kwa risasi, lakini alifaulu kuirudisha hadi melini na kutua salama. Kwa ushujaa wake katika mashambulizi hayo jina lake lilitajwa kwa sifa katika taarifa rasmi ya jeshi mwezi Januari 1945.

Bahari ya Pasifiki

Vita barani Ulaya ilipokaribia kwisha, Uingereza ilipeleka manowari zake za kubeba ndege Pasifiki kusaidiana na Marekani dhidi ya Japani. HMS Formidable ilijiunga nazo mwezi Aprili 1945, wakati wa mapigano ya Okinawa. Kazi ya Waingereza ilikuwa kuvizuia viwanja vya ndege vya visiwa vya Sakishima visitumike kupeleka ndege Okinawa.

Wakati huo Japani ilikuwa ikitumia marubani wa kujitoa mhanga, waliojulikana kama kamikaze, ambao walizigongesha ndege zao katika meli za adui. Formidable iligongwa tarehe 4 Mei na tena tarehe 9 Mei. Mabaharia waliuawa na ndege nyingi ziliteketea. Hata hivyo sitaha yake ilikuwa ya bamba nene la chuma, na shimo la tarehe 4 lilizibwa haraka kiasi kwamba ndege ziliweza kutua tena baada ya saa chache.

Mwezi Julai 1945 manowari za Uingereza zilishirikiana na kundi kubwa la manowari za Marekani kushambulia Japani yenyewe. Japani ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta, na meli zake nyingi zilizosalia zilikuwa zimetia nanga zikijificha ghubani na bandarini. Gray aliongoza ndege zake kushambulia viwanja vya ndege karibu na Tokyo na malengo mengine katika Bahari ya Ndani ya Japani. Tarehe 28 Julai alishiriki kuzamisha manowari katika eneo la Maizuru. Kwa kazi ya mwezi huo alitunukiwa Distinguished Service Cross, nishani ya maofisa wa jeshi la majini, lakini ilitangazwa baada ya kifo chake.

Shambulio la Onagawa

Tarehe 6 Agosti 1945 Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Japani haikusalimu amri mara moja, na mashambulizi ya ndege kutoka melini yaliendelea.

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti Luteni Gray aliruka kutoka Formidable akiongoza makundi mawili ya Corsair. Lengo la awali lilikuwa uwanja wa ndege wa Matsushima, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Honshu. Uwanja huo ulikuwa umeshapigwa sana na ndege zilizotangulia, ilhali manowari kadhaa zilikuwa zimeonekana katika ghuba ya Onagawa, si mbali na hapo. Gray aliamua kuzishambulia.

Ghuba ya Onagawa ni nyembamba na imezungukwa na vilima. Mizinga iliwekwa katika meli na pia nchi kavu, hivyo ndege iliyoingia humo ilifyatuliwa risasi kutoka pande kadhaa. Gray aliteremka kwa kasi na kuichagua mojawapo ya manowari. Ndege yake ilipigwa mapema, bomu lake moja likang'olewa na risasi, kisha ndege ikashika moto. Hakugeuka. Aliendelea kushuka hadi karibu na uso wa maji, akaachia bomu lililobaki kwa umbali mfupi, nalo likaipiga meli. Muda mfupi baadaye ndege yake ilipinduka na kutumbukia ghubani. Alikuwa na umri wa miaka 27. Mwili wake haukupatikana.

Tangazo la nishani yake lilisema kwamba alizamisha manowari ya aina iendayo kasi. Kumbukumbu za Japani zinaonyesha kuwa ilikuwa Amakusa, meli ya kivita ya kusindikiza misafara. Ilizama katika muda wa dakika chache pamoja na mabaharia wake wengi. Baada ya Gray kuanguka, rubani aliyemfuata kwa cheo alichukua uongozi, na Corsair zilizobaki zikazishambulia tena meli nyingine ghubani.

Siku hiyohiyo bomu la pili la atomiki liliangushwa juu ya Nagasaki. Tarehe 15 Agosti Mfalme Mkuu Hirohito alitangaza redioni kwamba Japani inasalimu amri. Gray alikuwa miongoni mwa Wakanada wa mwisho kuuawa katika mapigano ya vita hiyo.

Nishani na familia

Victoria Cross yake ilitangazwa tarehe 13 Novemba 1945. Ilikuwa ya pili na ya mwisho kutolewa kwa rubani wa kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza katika vita hiyo. Ya kwanza ilitolewa kwa Eugene Esmonde, aliyeuawa mwezi Februari 1942 akishambulia manowari za Ujerumani katika mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Mwezi Februari 1946 wazazi wa Gray walikabidhiwa nishani hiyo mjini Ottawa na Gavana Mkuu wa Kanada. Wakati huo walikuwa wamepoteza wana wao wote wawili vitani.

Kumbukumbu

Kwa kuwa Gray hana kaburi, jina lake limeandikwa katika mnara wa Halifax, pamoja na Wakanada wengine waliopotea baharini. Mwaka 1946 mlima mmoja katika hifadhi ya Kokanee Glacier, karibu na Nelson, ulipewa jina la Gray kwa heshima ya Robert na mdogo wake Jack. Sanamu yake ni miongoni mwa sanamu za mashujaa wa vita zilizozinduliwa Ottawa mwaka 2006. Jeshi la majini la Kanada limempa jina lake meli ya doria ya bahari ya Aktiki, HMCS Robert Hampton Gray, iliyo ya sita na ya mwisho ya aina yake katika jeshi hilo.

Huko Onagawa mnara wake ulizinduliwa mwezi Agosti 1989 katika bustani ya Sakiyama inayotazama ghuba. Katika bustani hiyo tayari palikuwa na mnara wa mabaharia wa Japani waliouawa katika mashambulizi hayohayo ya Agosti 1945. Baadhi ya Wajapani waliopigania mnara wa Gray ukubaliwe walikuwa wanajeshi wa zamani. Tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi 2011 viliuharibu vibaya mji wa Onagawa na kuua mamia ya wakazi wake, na mnara wa Gray uliangushwa. Wakati wa kuujenga upya mji, mnara huo ulisimamishwa tena karibu na hospitali ya Onagawa.