MULLER NA NZI WA NDIZI

Wafugaji wa Handeni na Korogwe wanamjua mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Humfyonza ng'ombe damu na kumwachia ugonjwa wa nagana. Ng'ombe hukonda, maziwa hupungua, na mwisho hufa. Leo tutasoma habari za mtu aliyechunguza nzi wa aina nyingine, lakini elimu yake ikaja kumshinda mbung'o karibu na kwetu.

Jina lake ni Hermann Muller. Alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa New York, Marekani. Baba yake alifariki Hermann akiwa mtoto, na fedha nyumbani zilikuwa chache. Alipokuwa chuoni alifanya vibarua, na usiku aliwafundisha wageni lugha ya Kiingereza.

Muller alitaka kujua kwa nini mtoto hufanana na wazazi wake. Alichunguza nzi wadogo wanaoruka juu ya ndizi mbivu. Nzi hawa hufugwa ndani ya chupa, na kwa wiki mbili hivi huwa wamepata watoto wakubwa. Mfugaji wa ng'ombe hungoja miaka mingi kuwaona wajukuu wa fahali wake. Muller aliwaona wajukuu wa nzi kwa mwezi mmoja.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kujua kwamba urithi hukaa katika chembe ndogo sana ziitwazo jeni. Mwaka 1926, huko Texas, Muller aliwapiga nzi eksirei, yaani mionzi ile inayopiga picha za mifupa hospitalini. Watoto wao wengine walikuwa na macho au mabawa tofauti. Mayai mengi hayakuanguliwa. Nzi waliopigwa mionzi mingi hawakuzaa kabisa. Hivyo Muller alionyesha kwamba mionzi huharibu jeni, na uharibifu huo hurithiwa. Mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Nobel.

Siku zile watu wengi walitumia eksirei bila kujikinga. Muller aliwaonya kwa miaka mingi. Wengine walimpinga, lakini hakunyamaza. Leo mtumishi wa eksirei hujikinga, na mgonjwa hupigwa kiasi kidogo kinachohitajika tu.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Edward Knipling, aliona kwamba madhara hayo yanaweza kuwa silaha. Mwaka 1954, kwa kutumia madume tasa, katika kisiwa cha Curaçao walimalizwa nzi ambao funza wao hula vidonda vya mifugo.

Muller alifariki mwaka 1967. Miaka ya baadaye kazi hiyo ilifika Tanga. Mbung'o walifugwa huko, na madume wakapigwa mionzi ili wasizalishe. Kati ya mwaka 1994 na 1997, madume zaidi ya milioni 8 walimwagwa Unguja kwa ndege. Kwanza mbung'o walipunguzwa kwa dawa waliyopakwa ng'ombe. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa, hazai. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o.

Huku bara kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mbung'o wa pori jirani huhamia. Basi tusiache kuwaogesha ng'ombe kwa dawa na kutega mitego.

MASWALI
1. Kwa nini Muller alichagua nzi badala ya ng'ombe?
2. Dume tasa humalizaje mbung'o?
3. Kwa nini kazi ilikuwa rahisi zaidi kisiwani?