Siti binti Saad: Mfinyanzi aliyeitoa taarab ikulu na kuileta uswahilini

KABLA jina lake halijachapwa kwenye sahani za santuri, Siti binti Saad alizunguka kwa miguu katika vijiji vya Unguja akiwa na vyungu kichwani, akiwanadia wateja waliokuwa ndani ya nyumba zao. Pumzi na sauti iliyokuja kumpa umaarufu aliipatia mazoezi huko, juani, wala si kwenye jukwaa.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, baba yake akiwa na asili ya Unyamwezi na mama yake Uzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, nalo lilitosha kumjulisha kila mtu daraja la ukoo wake katika Zanzibar ya wakati ule, ambako utumwa ulikuwa bado halali hadi mwaka 1897. Hakupelekwa shule. Alifinyanga, akauza, akaolewa na hatimaye kuachika.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa takriban miaka 31 na bila mali yoyote, alihamia mjini. Ndipo mwanachama mmoja wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, alipoisikia sauti yake na kuanza kumfundisha kuimba kwa kufuata ala, pamoja na matamshi ya Kiarabu.

Ikumbukwe kwamba taarab wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa. Iliingia Zanzibar kupitia jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na iliimbwa na wanaume kwa Kiarabu. Siti aliimba majumbani mwa matajiri na mbele ya Sultani, lakini pia aliimba Ng'ambo, walikoishi wachukuzi, wapishi na mafundi, na huko alitumia Kiswahili. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baada ya kufahamika.

Wapo waliokereka. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumsimanga kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, na kwamba bila sauti asingekuwa na chakula. Siti hakujibu kwa matusi. Naye alitunga wimbo wake, akieleza kuwa sura na nasaba si kitu mbele ya akili na heshima ya mtu. Kwa mwanamke aliyeitwa Mtumwa, hilo halikuwa jibu dogo.

Mwaka 1928, akiwa na umri wa karibu miaka 48, alisafiri kwa meli hadi Bombay, India, pamoja na wanamuziki wenzake, akiwamo Subeit bin Ambar, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo zilisikika katika mikahawa ya pwani yote ya Afrika Mashariki, na watu waliokuwa hawajui kusoma walipata kusikia habari za mahakama za Zanzibar kwa lugha yao.

Wimbo wa Kijiti ni mfano mzuri. Unasimulia kisa cha mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alitorokea bara, ilhali wanawake waliolifikisha shauri hilo mahakamani ndio waliofungwa. Wimbo mwingine unamhusu karani aliyewalaghai watu wasiojua kusoma. Hakimu na karani walikuwa na kalamu, Siti alikuwa na santuri.

Mwishoni mwa maisha yake alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert, ambaye alimwandikia kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Alifariki dunia Julai 8, 1950. Miongo kadhaa baadaye, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti.