Jacob Vouza, polisi mustaafu aliyekataa kusema mbele ya adui

Majina ya majenerali wa vita ya pili ya dunia yanajulikana kila mahali. Lakini katika visiwa vya Solomon, kwenye bahari ya Pasifiki, shujaa anayekumbukwa zaidi ni polisi mustaafu: Jacob Vouza.

Mzaliwa wa Tasimboko, kisiwani Guadalcanal, Vouza aliingia polisi ya wakoloni Waingereza mwaka 1916. Alitumika miaka 25, akastaafu mwaka 1941 akiwa sajenti-meja. Wajapani walipovamia kisiwa chake mwaka uliofuata, alirudi kazini kwa hiari yake.

Waamerika walishuka Guadalcanal tarehe 7 Agosti 1942 na kukamata uwanja wa ndege. Vouza aliokoa rubani wao aliyeanguka katika eneo la adui, akamfikisha kwa wenzake. Kisha akajitolea kuwa mpelelezi wao.

Tarehe 20 Agosti, Wajapani walimkamata akiwa na bendera ndogo ya Marekani. Walimfunga kwenye mti, wakataka aeleze Waamerika ni wangapi na wamejipanga vipi. Vouza hakusema kitu. Walimpiga, wakamchoma kwa visu vya bunduki kwenye mikono, bega, uso, tumbo na koo, kisha wakamwacha afe.

Vouza alitafuna kamba kwa meno mpaka zikakatika. Alipita msituni kilomita nyingi huku damu ikimtoka. Alipofika kwa Waamerika, hakukubali kutibiwa kabla ya kuwaambia kwamba mamia ya Wajapani wanakuja. Akiamini anakufa, alimpa ofisa Mwingereza, Martin Clemens, maneno ya kumuaga bibi yake na watoto.

Mapigano yalilipuka usiku huohuo kando ya mto ambao Waamerika waliuita Tenaru. Kufikia jioni ya tarehe 21, kati ya Wajapani karibu 900 wa kikosi kilichoshambulia, kama 800 walikuwa wameuawa. Uwanja wa ndege haukuanguka.

Vouza hakufa. Baada ya siku 12 hospitalini alirudi kwenye upelelezi. Marekani ilimpa nishani ya Silver Star, Uingereza ikampa George Medal, na mwaka 1979 akapewa cheo cha heshima cha Sir.

Aliaga dunia tarehe 15 Machi 1984. Sanamu yake imesimama Honiara, mji mkuu wa nchi yake.